Mshambuliaji hafungi peke yake

Leopards wakikosa bao, lawama inaanguka kwanza juu ya washambuliaji: eti wanafunga Ulaya, wakivaa jezi ya inchi wanalala. Lawama hiyo haina haki. Mabao ya mshambuliaji yanategemea sana namna timu inavyopangwa kushambulia.

Mfano ni Yoane Wissa. Katika ligi kuu ya Uingereza, akiwa na Brentford, alifunga mabao 7 msimu wa kwanza, 7 wa pili, 12 wa tatu, kisha 19 msimu wa 2024-2025. Je, alijifunza kufunga akiwa na miaka 28? Hapana. Kilichobadilika zaidi ni nafasi yake. Mwezi wa nane 2024 Ivan Toney aliuzwa Saudi Arabia, na Wissa, ambaye mara nyingi alicheza pembeni kushoto, akawekwa katikati, karibu na lango. Kulia alikuwepo Bryan Mbeumo, aliyefunga mabao 20. Mikkel Damsgaard alitoa pasi 10 za mabao. Brentford nzima ilifunga 66. Katika timu ya namna hiyo, anayesimama katikati hakosi mpira.

Sasa tuangalie CAN ya Côte d'Ivoire, mwanzoni mwa 2024. Kocha Sébastien Desabre alijenga timu ngumu kufungwa, ikafika nusu fainali. Lakini katika mechi 7 ilifunga mabao 6 tu, bila kuhesabu mikwaju ya kuamua mshindi. Wissa, akitokea pembeni, alifunga 2, moja likiwa la penalti. Chancel Mbemba na Arthur Masuaku, wote mabeki, walifunga moja moja. Cédric Bakambu na Fiston Mayele, ambao kazi yao ni kusimama mbele kabisa, hawakupata hata moja. Na Mayele huyo ndiye aliyekuwa mfungaji bora wa Kombe la Shirikisho la CAF mwaka 2023, kwa mabao 7, akiwa na Yanga ya Tanzania. Miguu yake haikuharibika katika miezi michache.

Desabre alichagua ulinzi, na nusu fainali ilimpa haki. Lakini uchaguzi huo una bei, na wanaoilipa ni washambuliaji.

Wapo watakaosema mshambuliaji mkubwa anajitafutia nafasi. Ni kweli kwa sehemu: si kila mtu angefunga 19 akiwekwa mahali pa Wissa. Hata hivyo, lazima mpira umfikie.

Jambo hili linapita mabishano ya mashabiki. Mchezaji akizomewa kwa hesabu isiyo sawa, kocha anasukumwa kumtoa, na tatizo la mpira usiofika mbele linabaki palepale. Kijana wa Goma, Bukavu au Lubumbashi anayechezeshwa pembeni naye anaachwa, kwa sababu daftari linaonyesha mabao machache.

Kabla ya kuuliza mshambuliaji amefunga mangapi, iulizwe alisimama wapi na nani alimletea mpira. Kidole kimoja hakivunji chawa.