Mpira wa Bukavu: 2025 isipoandikwa, watoto ndio watakaopoteza

Kila msimu unapoisha, wapenzi wa mpira wa miguu mjini Bukavu wanauliza swali moja: nani amebeba kombe? Kadutu watu wanabishana juu ya Dawa na Muungano, Ibanda na Bagira wanajibu, na kwenye vituo vya motari maneno hayaishi hata giza likiingia. Kwa mwaka 2025 swali hilo halitoshi. Mwaka huo mji ulibadilika mikono, uwanja wa ndege ulifungwa, benki zilifunga milango. Kinachotakiwa kujulikana sasa ni hiki: mechi ngapi zilipangwa, ngapi zilichezwa mpaka mwisho, na majina ya watoto wangapi yameandikwa kwenye vitabu?

Kila mwaka viongozi wa mpira wanatakiwa kueleza timu kazi waliyoifanya na pesa waliyoitumia. Wengi huona ripoti hiyo ni kazi ya ofisi tu, karatasi ya kusomwa na kupigiwa makofi. Lakini kwa mwaka kama huu, hiyo karatasi ina uzito kuliko kombe.

Ngazi nne, na uzito uko chini

Kwanza ieleweke mpira wetu umejengwa namna gani. Juu kabisa ni FECOFA, shirikisho la taifa, lenye makao Kinshasa. Kuna Linafoot, shampiona ya taifa. Chini yake kuna ligi za majimbo. Ya Kivu ya Kusini inajulikana kwa jina la LIFSKI. Halafu zinafuata Entente, na ile ya mji wa Bukavu ni EUFBUK. Timu ya mtaa inaanza kwenye Entente. Ikifanya vizuri inapanda ligi ya jimbo, na ikizidi kufanya vizuri inagonga mlango wa taifa.

Njia hiyo si ndoto. Bukavu Dawa na Muungano wote wamekwisha kucheza shampiona ya taifa, na Étoile du Kivu nayo ikafuata. Uwanja wa Concorde kule Kadutu umepokea timu kubwa za nchi, huku watu wakipanda juu ya nyumba na kwenye kilima kutazama bure.

Shida ni kwamba makuta yanaingilia juu na kazi nyingi inafanyika chini. Entente ndiyo inapanga kalenda, inatafuta kiwanja, inatuma waamuzi, inasikiliza malalamiko ya timu iliyopoteza. Na ndiyo inayokutana na mtoto kwa mara ya kwanza.

Hata huko juu mambo hayakuwa shwari. Mwaka 2023 FIFA iliweka kamati ya muda kuongoza FECOFA, kwa sababu ya mvutano wa uongozi. Baba akiwa hospitalini, watoto nyumbani wanajitafutia. Ndivyo Entente nyingi zilivyoishi.

Barabara na ndege ndizo zinazoamua

Mtu wa Kinshasa anaweza kusema timu za Kivu hazina kiwango. Aangalie kwanza ramani. Kutoka Bukavu mpaka Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,500 kwa hesabu ya ndege, na hakuna barabara ya kukupeleka moja kwa moja. Ni ndege tu.

Zamani shampiona ya taifa iligawanywa kwa kanda, na timu za Mashariki zilianza kwa kupambana zenyewe kwa zenyewe. Gharama ilikuwa kubwa lakini ilivumilika. Msimu wa 2019-2020 timu zote zilikuwa katika kundi moja. Timu ya Bukavu ikawa inatakiwa kwenda Kinshasa, Lubumbashi na kwingineko, na watu wake wote, kwa tiketi za ndege. Msimu huo ulikatizwa na Covid mwaka 2020. Baadaye makundi mawili yakarudi, lakini safari ndefu hazikuisha.

Ndiyo maana timu ya kwetu ikishuka daraja, si lazima iwe imeshindwa uwanjani. Nyingine zinashindwa kwenye dirisha la tiketi.

Jirani zetu wa Maniema wanajua hadithi hiyo. Maniema Union ya Kindu ilifika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa wa Afrika msimu wa 2024-2025, na huko Afrika Kusini ikatoka sare na Mamelodi Sundowns. Ni sifa kubwa kwa Mashariki yote. Lakini mechi zake za nyumbani ilizipeleka Kinshasa. Mtoto wa Kindu aliiona timu yake kwenye televisheni, sawa na mtoto wa Bukavu.

Halafu ukaja mwaka 2025. Goma ilianguka mwishoni mwa Januari. Katikati ya Februari uwanja wa ndege wa Kavumu ukachukuliwa, na tarehe 16 Februari AFC/M23 ikawa katikati ya mji wa Bukavu. Tangu hapo timu inayotaka kucheza na wenzake wa Kinshasa haina hata ndege ya kuikosa.

Ligi moja, jimbo limekatika

Kivu ya Kusini ina teritware 8: Fizi, Idjwi, Kabare, Kalehe, Mwenga, Shabunda, Uvira na Walungu. Kwa karatasi, ligi ya jimbo inaziunganisha zote na mji wa Bukavu. Bingwa wa Uvira anatakiwa kukutana na bingwa wa Bukavu, Kamituga ipande, Idjwi ivuke ziwa.

Hata siku za amani haikuwa rahisi. Kwenda Shabunda ni safari ya kumwomba Mungu, hasa mvua ikinyesha. Mwaka 2025 ilikuwa zaidi. Serikali ya jimbo ilihamia Uvira, na kati ya Bukavu na Uvira, kwenye bonde la Ruzizi, pakawa mstari wa vita. Mnamo Desemba vita vikafika Uvira yenyewe. Timu ya vijana 20 wenye nguvu, ndani ya gari moja, inapita vizuizi vingapi kabla ya kufika? Ni mzazi gani atakubali?

Kwa hiyo bingwa wa jimbo kwa mwaka kama huu ni neno la kutumiwa kwa uangalifu. Ni heri kusema kweli: sehemu hii ilicheza, sehemu ile haikufikiwa. Aibu haipo hapo. Aibu ni kuandika kwamba jimbo lote lilicheza wakati wachezaji wa upande mmoja hawakuona hata mpira.

Makuta ya mechi moja

Watu wengi wanaona mechi ni vijana 22 na mpira mmoja. Nyuma yake kuna gharama. Kuna mwamuzi wa kati na wasaidizi wake, kamisa wa mechi, chokaa ya kuchora mistari, watu wa ulinzi, msaada wa kwanza kwa aliyeumia, maji, na usafiri. Timu inalipa kuingia katika shampiona na inalipia leseni za wachezaji. Mara nyingi rais wa timu ni mfanyabiashara anayetoa mfukoni mwake. Duka lake likianguka, timu inaanguka naye.

Benki zilipofunga Bukavu, pesa taslimu ikawa ngumu kuiona. Mwenye mshahara benki hakuweza kuutoa. Muuza duka akakosa wateja. Kiingilio cha uwanjani, hata kikiwa kidogo, kikashindana na unga wa siku ile, na kila mama wa nyumba anajua nani anashinda.

Wakati huo huo, huko juu hesabu ni nyingine. Kwa miaka ya 2023 hadi 2026, kila shirikisho la taifa linaweza kupata hadi dola milioni 8 kutoka mpango wa maendeleo wa FIFA. Na Julai 2025 nchi yetu ilifanya mapatano na klabu ya Barcelona, kwa miaka 4, ambayo ripoti nyingi ziliyahesabu kuwa zaidi ya euro milioni 40, ili jina la Kongo lionekane kwenye mavazi ya klabu hiyo. Wenye kuyatetea wanasema yanatangaza nchi. Pengine. Lakini kijana wa Funu ana haki ya kuuliza: katika milioni zote hizo, mpira mmoja wa ngozi unafika Kadutu lini?

Swali hilo Entente haiwezi kulijibu peke yake. Ila inaweza kulianzisha, kwa kuonyesha hesabu yake yenyewe: hiki kiliingia, hiki kilitoka, na kutoka juu tulipata hiki au hatukupata kitu.

Jina la mtoto kwenye kitabu

Hapa ndipo hasara kubwa ilipo, na wazazi wengi hawaijui.

FIFA ina sheria ya mshikamano. Mchezaji akiuzwa kutoka klabu ya nchi moja kwenda klabu ya nchi nyingine kabla ya mkataba wake kuisha, asilimia 5 ya bei inagawanywa kati ya klabu zote zilizomlea tangu umri wa miaka 12 mpaka 23. Kwa kila msimu wa miaka 12 hadi 15, klabu iliyomlea ina haki ya robo ya asilimia moja ya bei. Kwa kila msimu wa miaka 16 hadi 23, ni nusu ya asilimia.

Tufanye hesabu. Mtoto amechezea timu ya Bagira tangu miaka 14 mpaka 18. Baadaye anauzwa Ulaya kwa dola 100,000. Timu ya Bagira ina haki ya misimu miwili ya robo na misimu mitatu ya nusu, yaani asilimia 2. Ni dola 2,000. Kwa timu ya mtaa, hiyo ni mipira, jezi na usafiri wa msimu mzima.

Lakini pesa hiyo inafuata maandishi. Klabu inatakiwa kuonyesha kwamba mtoto aliandikishwa kwake, msimu kwa msimu. Tangu Novemba 2022 FIFA ina ofisi maalumu ya kugawa malipo hayo, nayo inategemea rekodi zilizoingizwa na mashirikisho. Kama msimu wa mtoto wa miaka 16 haukuandikwa popote, dola 500 zake haziji, na hakuna wa kulalamikiwa. Msimu wa 2025 ukibaki tupu kwenye vitabu, shimo hilo litaonekana miaka 8 au 10 mbele, siku ambayo vita vitakuwa vimesahaulika na vijana wa leo wako kwenye bei.

Kuna pia wanaovuka. Rusizi iko ng'ambo ya daraja, Bujumbura si mbali, na Uganda na Tanzania zinapenda wachezaji wa Kongo. Kijana anayekimbia vita anaweza kupata timu huko, na ni vizuri. Akiondoka bila leseni, anaondoka kama mtu asiyekuwa na kwao kwa mpira. Umri wake unaandikwa upya, klabu yake ya kwanza inafutika.

Na kuna jambo zito kuliko pesa. Mji wenye watu zaidi ya milioni moja, kazi hakuna, viwanja vimeliwa na nyumba, na watu wenye silaha wanatafuta vijana. Mazoezi ya saa kumi jioni, yenye mkufunzi anayejua nani amekuja na nani amekosa, ni ulinzi. Daftari la mahudhurio linaweza kuwa la kwanza kuonyesha kwamba mtoto fulani hajaonekana tangu Jumatatu.

Wasichana wasahauliwe tena?

Mwaka 2024 wanawake wa TP Mazembe walichukua Ligi ya Mabingwa ya wanawake wa Afrika. Walionyesha kwamba msichana wa Kongo akipewa uwanja, mkufunzi na kalenda, anafika juu. Kwetu, mechi za wasichana ndizo za kwanza kufutwa makuta yakipungua. Ripoti ya mwaka iwahesabu peke yao: timu ngapi, mechi ngapi. Wakichanganywa na jumla, wanapotea ndani yake.

Ripoti yenye faida

Ripoti nzuri ya mwaka 2025 haihitaji kurasa nyingi. Itaje mechi zilizopangwa, zilizochezwa na zilizofutwa, na sababu ya kila iliyofutwa. Itaje timu zilizoacha na zilizobaki, leseni za wakubwa, za watoto na za wasichana. Itaje waamuzi waliolipwa na wanaodai, na viwanja vilivyo hai na vilivyouzwa. Mwishoni iweke hesabu ya pesa, hata kama ni ndogo, na nakala ya kila kitabu ihifadhiwe mahali pawili, kwa sababu karatasi inaungua na ofisi inavunjwa.

Wazazi nao wana kazi yao. Anayempeleka mtoto mazoezini amwulize mkufunzi: jina la mwanangu limeandikwa wapi, na kwa umri gani? Ni swali la dakika moja.

Tarehe 7 Februari 2024, kabla ya nusu fainali ya CAN kule Abidjan, Léopards waliziba midomo kwa mkono mmoja na kuelekeza vidole viwili kwenye kichwa kama bunduki. Dunia nzima iliona kwamba Mashariki inakufa na watu wamenyamaza. Wachezaji wale walifanya sehemu yao kwa dakika moja ya wimbo wa taifa. Sehemu ya hapa nyumbani haina kamera. Ni kalamu, daftari, na kiongozi anayekubali kuandika hata mechi ambayo haikuchezwa.