Binti Yetu na Dirisha la Dawa la Nakuru



Wifi yangu alinipigia simu usiku mmoja baada ya sala ya Isha, na kwa sauti yake nikajua kwamba nyumbani hapakuwa shwari. Binti yao, aliye katika mwaka wa mwisho wa diploma ya famasia, alikuwa amepangiwa mafunzo ya vitendo hospitalini, Nakuru. Kaka yangu alikuwa ameshakata shauri: mtoto haendi. Kama chuo hakiwezi kumpatia nafasi Mombasa, basi na akae nyumbani, masomo yatatazamwa baadaye. Nasi sote twajua, wasomaji wapenzi, nini hutokea masomo ya mtoto wa kike yanapowekwa kando hadi "baadaye".

Sikumlaumu kaka. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni karibu kilomita 480, na kutoka Nairobi hadi Nakuru ni nyingine 160 hivi. Mzazi anayemtuma binti yake mbali kiasi hicho, kwenye mji asioujua, ana haki ya kuuliza: atalala wapi, atafanya kazi saa ngapi, na pamoja na nani? Hofu ya namna hiyo hutokana na mapenzi na majukumu. Lakini kabla ya kukata shauri, nilimwomba tutazame kwanza kitu chenyewe tunachotaka kumnyima.

Mafunzo haya, ambayo vijana huyaita atachimenti, ni sehemu ya masomo yenyewe. Kazi ya famasia nchini inaongozwa na Sheria ya Famasia na Sumu, Sura ya 244, ya tangu mwaka 1957, na Bodi ya Famasia na Sumu ndiyo inayosajili wataalamu. Anayesomea shahada hukaa chuoni miaka 5, kisha hutumikia mwaka 1 wa utarajali. Wa diploma naye hawezi kuhitimu bila kupita hospitalini. Huko mwanafunzi huzungushwa: leo yuko stoo akikagua tarehe za kuharibika kwa dawa na joto la friji ya chanjo na insulini, wiki nyingine yuko wodini akilinganisha cheti cha daktari na uzito wa mtoto aliyelazwa, kisha huketi kwenye dirisha la dawa, macho kwa macho na mgonjwa. Kila alilolifanya huandikwa katika daftari lake na kutiwa saini na msimamizi.

Kwa nini Nakuru? Mji huo, uliotangazwa kuwa jiji mwezi wa Disemba 2021, umekuwa kitovu cha tiba cha Bonde la Ufa ya kati. Hospitali yake ya rufaa, iliyokuwa Hospitali Kuu ya Mkoa, hupokea wagonjwa kutoka hata kaunti za jirani, Baringo na Nyandarua miongoni mwao. Vyuo vinavyofunza elimu ya afya viko karibu: Egerton, Kabarak, na tawi la KMTC. Mwanafunzi wa kwetu aliyezoea malaria ya Pwani hukutana huko na nimonia za baridi, shinikizo la damu la wazee wa mashambani, na wagonjwa wa lugha nyingi.

Basi kaka alikubali jambo moja: angempeleka mwenyewe, aone kwa macho yake, na kama hakuridhika angerudi naye. Nami nikafuatana nao. Tulipanda treni hadi Nairobi, kisha matatu, tukashuka bondeni kupitia Naivasha na Gilgil. Nakuru iko kiasi cha mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya usiku wake haina mzaha kwa mtu wa Pwani. Tulimtafutia chumba kwa familia ya Kiislamu karibu na Bondeni, mtaa wa zamani ambao Waislamu wameishi kwa vizazi, na adhana husikika. Kaka alizungumza na mwenye nyumba, akazungumza na msimamizi, akauliza kuhusu zamu za usiku na vazi la hijabu. Akajibiwa kwa heshima. Akaniambia, "Dada, tumwache wiki mbili." Nikanyamaza, maana wiki mbili zilikuwa ushindi.

Wiki hizo zikawa miezi, na kisa alichonisimulia binti ndicho kilichonifanya niandike leo.

Siku moja alifika dirishani mama mzee akilalamika kwamba dawa ya sukari inamuumiza tumbo na kumharisha, na kwamba ameamua kuiacha. Binti alimwita "bibi", mzee akacheka, kwani huko bara bibi ni mke wa mtu. Walipokwisha kucheka, binti akamwomba amwonyeshe namna anavyoimeza. Mzee akatoa kibahasha alichopewa dukani, kimeandikwa "1 × 3" tu. Akamimina vidonge vitatu kiganjani. "Tatu kwa siku," akasema, "nazimeza zote asubuhi kabla ya kwenda shambani."

Hakuwa amekosea hesabu. Aliyemwandikia ndiye aliyedhani kwamba tarakimu mbili na alama ni maelezo. Binti akamweleza: kimoja baada ya chai ya asubuhi, kimoja baada ya chakula cha mchana, kimoja baada ya cha usiku, kisha akamtaka ayarudie kwa maneno yake mwenyewe. Msimamizi akathibitisha, na mzee akaondoka na dawa aliyokuwa karibu kuitupa.

Kisa hiki hakimo katika mtihani wa darasani. Mwanafunzi anaweza kujua kemia yote ya kidonge hicho asijue kwamba kimefika vibaya mdomoni. Na tazameni silaha aliyoitumia binti: lugha. Kiswahili tulichomlea nacho, akikilainisha kwa masikio ya watu wa bara, ndicho kilichomwokoa yule mama.

Wazee wetu wa elimu walilifahamu hilo. Al-Biruni, aliyefariki yapata mwaka 1050, alitunga kitabu kikubwa cha famasia, Kitab al-Saydana, na humo alikusanya majina ya dawa kwa Kiarabu, Kiyunani, Kisuriani, Kiajemi na lugha za Kihindi, maana dawa isiyotambulikana kwa jina lake yaweza kugeuka sumu. Na kabla yake, Sira yatusimulia kuhusu Bibi Rufayda al-Aslamiyya wa Madina, aliyekuwa na hema la kuwauguza majeruhi. Sa'd bin Mu'adh alipojeruhiwa katika Vita vya Khandaq, mwaka wa 5 Hijria, alipelekwa kwake. Mwanamke kushika kazi ya tiba kwa stara na elimu si jambo geni katika dini yetu. Wanazuoni wa fiqhi wamehesabu elimu ya tiba kuwa fardhi kifaya, na wakamtwika dhamana anayetibu bila ujuzi.

Tena sisi wanawake ndio tunaomhitaji mno dirishani. Nani kati yetu angependa kumweleza kijana wa kiume, foleni nzima ikisikiliza, kwamba anatumia dawa ya kifua kikuu na vilevile vidonge vya kupanga uzazi? Ilhali rifampisini, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, hupunguza nguvu ya vidonge hivyo, nayo huufanya mkojo kuwa wa rangi ya chungwa hata mtu akashtuka bure. Nani atatuambia kwamba vijiko vya jikoni havilingani, na kwamba dawa ya maji ya mtoto ipimwe kwa kijiko cha dawa cha mililita 5 au kwa bomba la sindano lisilo na sindano? Nani atatukumbusha kabla ya Ramadhani kwamba baadhi ya vidonge vya sukari huishusha sukari hata tumbo likiwa tupu, hivyo dozi zipangwe upya na daktari kati ya futari na daku?

Kwa wazazi ambao barua ya aina hii itawafikia, nashauri haya. Msafirisheni binti pamoja na mahram wake. Tafuteni makao kabla ya siku ya kuripoti, kupitia msikiti au jamaa wanaojulikana. Mjueni msimamizi kwa jina, muulizeni kuhusu zamu za usiku na namna ya kurudi nyumbani. Mfunzeni binti adabu za khalwa, hasa stoo, ambako mlango huachwa wazi au huingia watu zaidi ya wawili. Mpeni nauli, chakula na sweta nzito, kwa kuwa wanafunzi wengi hawalipwi chochote katika mafunzo haya, na njaa huvunja azma kuliko umbali.

Na kaka yangu? Juzi binti alimpigia simu na kumuuliza anavyomeza dawa yake ya shinikizo la damu. Akajibu kwamba humeza kichwa kikimuuma. Binti akamweleza kwa upole kwamba shinikizo halingoji kichwa kiume, na kwamba dawa hiyo ni ya kila siku kama alivyoandikiwa. Kaka hakubishana. Alikwenda sandukuni, akazitoa dawa zake zote, akaanza kumsomea mwanawe kibahasha kimoja kimoja.

Mwenyezi Mungu awahifadhi mabinti zetu walio ugenini kwa ajili ya elimu, na aifanye elimu yao kuwa sadaka yenye kuendelea kwa wazazi wao. Amin.