Mboga iliyojiotea ijulikane kabla ya kuchumwa

Mvua za kwanza zikishanyesha, nyuma ya jiko huota mchicha ambao hakuna aliyeupanda. Mche mmoja ulioachwa ukakomaa hudondosha maelfu ya mbegu, nazo hukaa ardhini zikisubiri maji. Nyanya na maboga huota pale yanapomwagwa maji ya kuoshea vyombo. Mnavu huletwa na ndege.

Ni mboga ya bure, na mara nyingi anayetumwa kuichuma ni mtoto. Hapo ndipo pa kuangalia, kwa sababu mnanaha nao hujiotea palepale, jalalani na kando ya banda la ng'ombe. Ukiwa mchanga, si rahisi kuutofautisha na mnavu. Ukikua, jani huwa na kingo zenye meno makubwa na likifikichwa linanuka vibaya. Ua ni jeupe au la zambarau, lenye umbo la tarumbeta. Tunda lina miiba.

Mmea wote ni sumu, hasa mbegu, na kuchemsha hakuiondoi. Aliyekula hukauka mdomo, mboni za macho hupanuka, mwili huwa wa moto, kisha huanza kuweweseka. Wapo wanaodhani ni malaria, au karogwa, na muda unapita. Mtoto wa namna hiyo apelekwe kituo cha afya mara moja, pamoja na mboga iliyobaki sufuriani ili mganga aione.

Na mnavu wenyewe, majani yachemshwe vizuri. Matunda yake yakiwa bado ya kijani, watoto wasiyachezee mdomoni.