Picha na Mwenye Sura

Imekuwa desturi ya watu wengi kuhukumu picha kwa ung'avu wake. Mistari ikikaa sawa na rangi zikikolea, basi husemwa kwamba picha hiyo ni nzuri. Hukumu hii ni pungufu, nayo imeidhuru pwani yetu tangu zama za Wajerumani.

Wapiga picha wa kikoloni, Walther Dobbertin akiwa miongoni mwao, walikuwa na ufundi usio na shaka. Lakini tazameni maelezo ya picha nyingi za zama zile: Mzungu ana jina na cheo, Mwafrika aliyesimama kando yake ni “mpagazi”, au ni kabila tu. Kinyume chake, iko picha iliyopigwa Uingereza mwaka 1874, ya Abdullah Susi na James Chuma wakiwa pamoja na watoto wa Livingstone. Hawa ndio walioongoza msafara uliouleta mwili wa Livingstone hadi Bagamoyo. Majina yao yanajulikana, na kwa hiyo twaweza kuwauliza historia yao.

Je, sisi leo tumeacha desturi ile mbaya? La! Mpiga picha hufika Bagamoyo alfajiri, akawapanga wavuvi mbele ya jua hata wakawa vivuli vyeusi visivyo na macho, kisha akaondoka bila kuuliza wanavua nini. Nimepata kuona picha ya namna hii, ngalawa mbele ya bahari tupu, ikiitwa machweo ya Bagamoyo. Bwana yule hakujua hata kwamba pale jua huchomoza baharini!

Wengine hudai kwamba kosa ni la mashine. Ni kweli kwamba kamera, ikielekezwa kwenye ukuta mweupe wa chokaa, hudhani mwanga umezidi, ikaupunguza; uso mweusi ulio mbele yake ukageuka doa. Lakini dawa yake ni hatua mbili tu: msogeze mtu kivulini, kisha upime mwanga wa uso wake, si wa ukuta. Asiyefanya hivyo amekwisha kuchagua, naye amechagua ukuta.

Katika maonyesho yetu mlango wa kuchongwa huandikwa karne yake na mtaa wake. Bibi aliyeketi barazani chini ya mlango huo haandikwi hata jina, ilhali yu hai na angelitaja mwenyewe kama angeulizwa.