Nahodha Aliye Maskini Kuliko Wote

Kila muhula mimi hupokea kazi za vikundi zenye majina matano kwenye jalada na jasho la watu wawili ndani yake. Nikiwaita wahusika, husikia malalamiko yale yale: fulani hakuja kwenye vikao, fulani alitaka kuandika kila kitu peke yake, fulani alijitokeza siku ya kuwasilisha tu, amevaa suti. Kilichonishangaza ni kugundua kwamba baadhi ya vijana hao hao, usiku unapoingia, hucheza gemu za mtandaoni watano kwa watano, na huko hawathubutu kufanya hayo. Anayetega wajibu wake huumbuka mbele ya wenzake kabla mechi haijaisha. Nimeona nijifunze kwao kabla sijaendelea kuwafundisha.

Mchezo wanaoupenda ni Dota 2. Kila mchezaji humwongoza shujaa mmoja, na lengo la timu ni kubomoa jengo kuu lililo ndani ya ngome ya wapinzani. Silaha hununuliwa kwa dhahabu, na dhahabu iliyopo kwenye ramani haitoshi kuwatajirisha wote watano kwa wakati mmoja. Ndiyo maana wachezaji hupangwa kwa namba, kuanzia 1 hadi 5, kwa kufuata nani apewe kipaumbele cha mavuno. Namba 1 huachiwa shamba zima avune kwa utulivu. Namba 5 huambulia makombo, na makombo hayo hayo huyatumia kununua vifaa vya kufichua maadui waliojificha. Yeye huwasha taa ili wengine waone njia, na mara nyingi hufa ili mwenzake apone.

Marafiki wengi hushindwa kabla mechi haijaanza, kwa sababu wote watano wanataka namba 1. Kila mmoja anataka kuonekana, kuua maadui wengi na kusimuliwa kesho yake. Wanasahau kwamba mchezo huo hauhesabu waliouawa unapomtangaza mshindi. Timu yaweza kuua mara nyingi zaidi na bado ngome yake ikaanguka, kwa kuwa ilikuwa ikiwinda sifa huku wapinzani wakibomoa minara. Basi mkakati wa kwanza ni kugawana kazi kwa sauti, kabla ya mechi, kwa kuzingatia uwezo wa kila mtu na si ukubwa wa jina lake.

Kisa cha timu ya OG ya Ulaya kinatufaa hapa. Mwishoni mwa Mei 2018, ikiwa imebaki takriban miezi mitatu kabla ya The International, ambayo ndiyo mashindano makubwa kuliko yote ya mchezo huu, timu hiyo iliondokewa na wachezaji wake muhimu. Miongoni mwao alikuwa Fly, rafiki wa miaka mingi wa Johan Sundstein, Mdenmark anayejulikana kwa jina la N0tail, ambaye aliianzisha timu pamoja naye mwaka 2015. Waliobaki wakaokoteza: kocha wao, Mfaransa Sébastien Debs, akarudi uwanjani kama mchezaji, Anathan Pham wa Australia akaitwa kutoka mapumzikoni, na kijana wa Kifini, Topias Taavitsainen, akapewa nafasi ya katikati ingawa hakuwa na uzoefu wa majukwaa makubwa. Mfini mwingine, Jesse Vainikka, alibaki katika nafasi yake ya usaidizi. Walilazimika kupita kwenye mchujo wa wazi, mlango ambao hata timu ya mtaani inaweza kuugonga.

Agosti mwaka huo, huko Vancouver, walikutana na timu aliyohamia Fly na kuishinda. Katika fainali walikuwa nyuma kwa mechi 2 dhidi ya 1 mbele ya PSG.LGD ya China, wakageuza matokeo na kushinda 3 kwa 2. Walitwaa zaidi ya dola milioni 11. Mwaka uliofuata, huko Shanghai, watano hao hao wakaishinda Team Liquid kwa 3 kwa 1, wakawa timu ya kwanza kutwaa taji hilo mara mbili.

Wengi hukomea kwenye fedha. Mimi nimevutwa na jambo jingine. N0tail, ambaye huko nyuma aliwahi kucheza nafasi za wavunaji, alipobaki na timu iliyobomoka alichukua unahodha na wakati huo huo akachukua namba 5. Kiongozi alijipa fungu dogo kuliko wote. Na hakuwa peke yake: nahodha wa Team Liquid waliyekutana naye Shanghai, KuroKy, naye alicheza namba 5. Fainali ya dunia iliongozwa pande zote mbili na watu waliokuwa maskini kuliko wenzao uwanjani. Mantiki yake ni nyepesi. Anayevuna hutazama shamba lake. Asiye na shamba ana nafasi ya kutazama ramani nzima.

Sasa tutazame ofisi zetu, vyama vyetu na hata asasi zetu za kiraia. Kwetu cheo na fungu husafiri katika gari moja. Mkuu wa idara ndiye mwenye kiyoyozi, safari na posho. Karani anayejua faili liko wapi hana hata kiti kisichoyumba. Kisha tunashangaa kwa nini mkuu haoni yanayotokea ukumbini. Ataonaje, naye yuko shambani anavuna?

Mkakati wa pili ni nidhamu ya ulimi. Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Vijana wamenieleza kwamba katikati ya pambano, watano wakizungumza pamoja kwenye vipaza sauti, hakuna anayesikia. Timu nzuri humpa mmoja haki ya kuamua saa ya kushambulia na saa ya kurudi nyuma. Wengine hutoa taarifa fupi: “Wawili hawaonekani, tusivuke mto.” Sentensi hiyo ina habari na ushauri, basi. Uamuzi mbaya unaofuatwa na wote watano huwa na madhara madogo kuliko uamuzi mzuri unaofuatwa na wawili. Hoja za kupinga husemwa mechi ikiisha, na hapo ni lazima zisikilizwe, la sivyo utii hugeuka kuwa woga.

Mkakati wa tatu unahusu kushindwa. Tunapenda kusema asiyekubali kushindwa si mshindani, lakini kukubali kwetu huishia kwenye kupeana mikono. Dota 2 huhifadhi mechi ili wachezaji waitazame upya. Kundi moja la wanafunzi wangu lina kanuni ninayoiheshimu: wakitazama mechi waliyopoteza, kila mmoja hutaja kwanza kosa lake mwenyewe, ndipo aruhusiwe kutaja la mwenzake. Tena wakipoteza mechi mbili mfululizo, huzima mashine wakalala, kwa sababu hasira ni mshauri mbaya na urafiki wao una thamani kuliko alama za usiku mmoja. Natamani ripoti zetu za tathmini zingeanza hivyo, badala ya kuanza na “changamoto zilizo nje ya uwezo wetu”.

Najua nitaambiwa kwamba gemu si maisha, na kwamba vijana wanapoteza muda. La pili lina ukweli: anayecheza mpaka alfajiri akasinzia darasani hajajifunza mkakati wowote. La kwanza ndilo linaloniuma zaidi. Ni kweli gemu si maisha, kwa kuwa huko pande zote huanza sawa na kanuni hazibadilishwi katikati ya mechi. Tena huko utajiri wa namba 1 ni mkopo. Wenzake wanne hufunga mkanda ili yeye aimarike, kwa ahadi kwamba ngome ikishambuliwa atasimama mbele. Akibaki porini anavuna huku minara ikianguka, wote hupoteza, naye pia hupoteza. Katika jamii yetu wapo tuliowaachia shamba miaka mingi, tukawasomesha na kuwapandisha, na siku ngome ilipotikisika tukawaona wakihamisha mavuno yao kwenda ng’ambo.

Kwa hiyo, kijana utakayeketi na wenzako leo usiku, usione haya kuchukua namba 5. Washa taa, sema kwa ufupi, taja kosa lako kwanza. Na wewe uliye na cheo, kesho ukiingia ofisini, jiulize ni nani hapo anayewasha taa, na ni lini mara ya mwisho ulipoishika wewe.