Chungu na Kikaango
Ndizi za Muleba zinazochemshwa na maharage hazifikii joto la mafuta ya kukaangia, na tofauti hiyo ni kubwa. Joto kali na kavu huunganisha sukari na protini, likazalisha kemikali ambazo, kwa minyoo wa maabara, baadhi yake zimeonekana kuchochea hamu ya kula. Wengine watasema kinachonenepesha ni wingi wa chakula tu. Lakini wingi huo unatoka wapi? Mwaka 2019, watafiti wa Marekani waliwapa watu 20 vyakula vilivyosindikwa sana. Wakala takriban kalori 500 zaidi kwa siku, ingawa milo waliyoandaliwa ililingana na ile isiyosindikwa kwa sukari, mafuta na chumvi. Jaribio hilo halithibitishi kosa la kemikali hizo, ni kweli. Linatosha, hata hivyo, kudai biskuti zinazouzwa Bukoba zichunguzwe kwa zaidi ya kalori zake.