Iwasheni kwa Flashi Kabla Hamjalipa

Ndugu zangu wa kamati za shule, wa vikundi vya vijana, wa misikiti na parokia zenye chumba cha kompyuta, na wewe mzazi unayemtafutia mwanao mashine ya chuo: nina ombi moja. Kama mmeamua kutumia Linux, msilipie kompyuta ya mtumba kabla hamjaiona ikiwaka kwa Linux mbele ya macho yenu.

Nalisema sasa kwa sababu soko limebadilika. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10. Windows 11 nayo inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa upande wa Intel imeziacha nje karibu prosesa zote zilizo chini ya kizazi cha nane. HP EliteBook 840 G3, Lenovo ThinkPad T470, Dell Latitude 7480, mashine ambazo wanunuzi wa Kariakoo na Luthuli Avenue wanazifahamu vizuri, zimeangukia upande huo. Lakini ni mashine nzima, zilizoundwa kwa kazi za ofisini. Zikiwa na SSD na memori ya GB 8, zinaendesha Ubuntu, Linux Mint au Debian bila kuhema. Kuzitupa ni hasara, na shule zetu hazina fedha za kuchezea.

Ila si kila mashine inakubali. Katika Linux, draiva nyingi zimo ndani ya kerneli yenyewe, yaani kiini cha mfumo, kwa hiyo huhitaji kutafuta CD ya mtengenezaji. Chipu ikifahamika, kifaa kinafanya kazi mara tu unapowasha. Mengi yanategemea kama mtengenezaji alitoa msimbo au maelezo ya chipu yake. Intel na AMD wanachangia draiva za picha moja kwa moja. Ile ya AMD iitwayo amdgpu imo kwenye kerneli tangu 2015. Nvidia walifungua moduli zao za kerneli mwaka 2022 tu, tena kwa kadi za kizazi cha Turing na kuendelea. Kwa chumba cha darasa, basi, chagueni mashine yenye picha za Intel au AMD, mlale usingizi.

Penye kuumiza watu zaidi ni Wi-Fi. Kompyuta mbili za jina moja na rangi moja zinaweza kubeba kadi tofauti ndani, kwa hiyo kibandiko cha mfuniko hakitoshi. Mashine ikishawaka kwa Linux, fungua terminali uandike lspci -nn, kisha tafuta mstari wa Network controller. Mwishoni kuna namba kwenye mabano ya mraba. Ikianza na 8086, kadi ni ya Intel, na hizo kwa kawaida hazina usumbufu. Ikianza na 168c ni Atheros. Nyingi za zamani zinakwenda vizuri mno. Ukikuta 14e4 ni Broadcom, na hapo simama. BCM43142, yenye namba 14e4:4365, inadai draiva ya kampuni inayowekwa kando, na draiva hiyo inaweza kugoma kerneli inapopanda toleo. Wengine watakwambia ubadilishe kadi tu. Ni kweli kwa mashine nyingi, lakini baadhi ya HP na Lenovo za zamani zina BIOS inayokataa kadi isiyo kwenye orodha yake. Bora uijue mapema.

Namna ya kujaribu ni nyepesi. Andaa flashi ya GB 8 yenye Ubuntu au Mint, nenda nayo dukani. Chomeka, washa, bonyeza F12 kwa Dell na ThinkPad, au F9 kwa HP, uchague flashi, kisha chagua kujaribu bila kusakinisha. Diski ya muuzaji haiguswi, na hilo mwambie mapema ili asiwe na wasiwasi. Halafu usikimbilie kulipa. Je, Wi-Fi inaona mitandao ya jirani? Jaribu sauti, fungua kamera, punguza mwanga wa skrini. Funga mfuniko, ngoja kidogo, ufungue: mashine isiyoamka hapo itakusumbua kila siku. Kwa betri andika upower -d, ulinganishe energy-full na energy-full-design. Ikiwa ya kwanza haifiki nusu ya ya pili, dai bei ishuke. Sehemu ya alama ya kidole mara nyingi haitambuliwi, usiilipie. Ukiingia BIOS ikadai nywila ambayo muuzaji haijui, iache. Muuzaji akikataa jaribio lote hili, anataka kukuuzia mbuzi kwenye gunia.

MacBook za Intel za 2018 hadi 2020 zenye chipu ya T2 ziacheni kwa wenye ujuzi. Hata kibodi zake zinahitaji kerneli maalumu.

Printa nazo zisisahauliwe. Canon LBP2900, ile inayoonekana kwenye steshenari nyingi, inatumia lugha yake ya CAPT na kuiunganisha na Linux ni shughuli pevu. Printa inayokubali AirPrint au IPP Everywhere haihitaji draiva kabisa, na HP nyingi zinahudumiwa na programu huria ya HPLIP.

Sasa wito wenyewe, kwa wenye mihuri na kalamu. Kwenye hati ya zabuni ongezeni sentensi moja: kila mashine ijaribiwe kwa Linux kabla ya kupokewa, na isiyopita irudishwe kwa gharama ya muuzaji. Wafadhili mnaoleta makontena, fanyeni jaribio hilo huko huko kabla ya kufunga mzigo. Na ninyi vijana mafundi, mnapopata mashine iliyokubali, andikeni modeli, namba ya kadi ya Wi-Fi na toleo la Linux, mbandike karatasi hiyo dukani na kwenye ubao wa matangazo wa shule, ili kamati ya kata ya pili isianze upya. Mashine iliyokataa iandikeni pia. Kamati inayokutana wiki hii iombe mashine moja ya mfano, na mwalimu wa kompyuta aje na flashi yake mfukoni.